Semboja na Paneli Nne za Nkoitiko

Semboja alipokuwa kazini aliweka skrubu mdomoni. Akifungua redio ya mtu, kila skrubu iliyotoka aliibana kwa midomo, nne, tano, hata nane, na mteja akiuliza swali alijibiwa kwa kichwa tu. Watu wa Manundu waliuona ukimya ule kuwa ni ujuzi. "Semboja haongei ovyo," walisema. Nilikaa naye miaka ishirini na miwili, na ninaweza kusema kwamba skrubu zilimsaidia sana.

Alizaliwa Korogwe, baba yake akiwa mkata mkonge. Mzee yule alitaka mwanawe awe karani wa shamba, akae kivulini na kalamu. Semboja akasoma mpaka darasa la saba, akafaulu hesabu, jambo ambalo hakuacha kulitaja. Lakini alipomaliza, shamba lenyewe lilikuwa linakufa, mkonge umeota nyasi, na karani hatakiwi. Kisha zikaja zile enzi za ruksa. Vitu tulivyokuwa tunavisikia tu vikajaa madukani: sabuni za kunukia, saa za kubonyeza, redio za kaseti. Redio zile ziliharibika upesi kuliko zilivyonunuliwa. Semboja akajifunza kuzitengeneza kwa kuzifungua tu na kuzifunga, akajenga kibanda cha mbao Manundu, akapata wateja.

Alinioa mwaka 1991, akanitoa kwetu Kwamsisi. Mimi sikusoma. Baba yangu, mzee Mdoe, alikuwa na shamba la mahindi lililopakana na msitu, na nyani hawangoji mtoto atoke shule. Kaka zangu walikwenda, mimi nikabaki kulinda. Herufi hizi ninazoandika nimezipata ukubwani, katika darasa la watu wazima, baada ya mambo haya yote kupita.

Namba, hata hivyo, nilizijua kabla ya herufi. Moshi wa risasi ya kuchomelea ulimharibu Semboja macho mapema, na miwani hakuitaka. Alisema fundi mwenye miwani anaonekana anabahatisha. Basi yeye alishika ncha za nyaya, mimi nilishika mita ya kupimia umeme.

"Mama Zaidi, soma."

"Kumi na mbili nukta sita."

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea. Zaidi ni mwanetu wa kwanza na wa mwisho. Kwa miaka mingi hayo ndiyo mazungumzo tuliyokuwa nayo kwa wingi, na sikuyaona mabaya. Sikuwahi kusoma vibaya. Hilo Semboja mwenyewe alikuwa analisema kwa wateja, zamani: "Mke wangu hajui hata kuandika jina lake, lakini mita haimdanganyi."

Redio zilipopungua ikaingia sola. Kwanza paneli ndogo za kuchajia simu, halafu kubwa, za kuendesha televisheni na mashine ya kunyolea. Vijiji vya Handeni havikuwa na umeme, na kila aliyeuza mahindi vizuri alitaka taa. Semboja akaacha redio. Tukawa tunasafiri naye kwa pikipiki, yeye mbele, mimi nyuma na mita mapajani.

Kazi ile ina kanuni moja ambayo haina mjadala. Paneli ukiziunga kwa mstari, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, volti zake zinajumlika. Ukiziweka sambamba, chanya pamoja na hasi pamoja, volti zinabaki za paneli moja, kinachoongezeka ni wingi wa umeme. Upande wa pili inakaa inveta, sanduku linalopokea umeme wa jua, linajaza betri na kuugeuza uwe wa kuendesha vyombo vya nyumbani. Kila inveta ina volti za mwisho inazoweza kupokea kutoka kwenye paneli, na zimeandikwa ubavuni. Ukizipita inakufa, na ikifa haifufuki.

Kuna jambo nililoliona mwenyewe kwa kupimapima. Paneli nikiipima saa saba mchana, imepata moto hata huwezi kuigusa, namba inashuka. Nikiipima asubuhi ya mwezi wa saba, ina umande na jua ndiyo kwanza limeikamata, namba inapanda, inapita hata ile iliyobandikwa nyuma yake na walioitengeneza. Nilimwambia Semboja. Alikuwa na skrubu mdomoni.

Mwaka 2013, mwezi wa tano, tuliitwa kwa mzee Nkoitiko. Boma lake liko mbugani, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka Kwamsisi. Alikuwa na wake wanne, na maziwa ya wake wanne ni mengi. Yalipelekwa Kabuku kuuziwa wasafiri wa barabara kuu, lakini ya jioni yalilala, na asubuhi nusu yake yalikuwa yameshaganda. Mke mkubwa, Siamanta, ndiye aliyeleta shauri la friza. Kila nyumba ikauza ng'ombe wake na kuleta paneli moja. Mzee akatoa inveta, betri na friza yenyewe. Paneli zote zilikuwa sawasawa, volti thelathini na sita kila moja. Inveta iliandikwa mwisho mia moja arobaini na tano.

Nilimwambia Semboja tuziunge mbilimbili. Mbili mstari huu, mbili mstari ule, kisha mistari miwili iwe sambamba. Naye alikuwa ameshaanza kuzitenga hivyo, ila mzee Nkoitiko alikuwa amesimama juu yetu na fimbo yake.

"Fundi, unafanya nini?"

"Nazigawa, mzee. Mbili na mbili."

"Mbili zipi na mbili zipi?"

Semboja akatazama paneli. "Zozote, mzee. Zote ni sawa."

"Kwako ni sawa. Hii ni nyumba ya Siamanta, hii ni nyumba ya mdogo wake, hii na hii ni nyumba za watu. Wewe uje na bisibisi uamue nani anakaa na nani? Ukiondoka hapa nitaamua ugomvi mpaka mvua za vuli." Wazee wengine walicheka. Yeye hakucheka. "Boma langu ni moja. Zifunge mstari mmoja."

Semboja akatoa skrubu mdomoni, akahesabu kwa sauti, maana hesabu alifaulu. "Thelathini na sita mara nne, mia moja arobaini na nne. Mwisho ni mia moja arobaini na tano. Zinaingia, mzee."

Akaziunga mstari mmoja. Ilikuwa saa saba mchana. Nikasoma mita: mia moja ishirini na nane.

"Umeona?" akaniambia. "Hata kufika hazifiki."

"Asubuhi ya baridi zitapita," nilisema.

"Mama Zaidi, namba unazisoma. Kuzijua ni kazi nyingine."

Wazee walicheka tena. Siamanta alikuwa amesimama kando na kibuyu chake, hakucheka. Aliniuliza polepole, "Zitapita nini?" Nikamwonyesha ubavu wa inveta, zile namba tatu. Alizitazama kitambo kisha akaenda kukamua.

Friza ilifanya kazi wiki tisa. Semboja alisifiwa mpaka mnadani. Mwezi wa saba, asubuhi moja yenye baridi kali, mawingu ya alfajiri yalikatika ghafla, jua likapiga paneli zikiwa bado na umande. Siamanta alisikia mlio kama kijiti kikavu kinachovunjika, halafu harufu. Tulipofika, Semboja alifungua inveta, skrubu sita mdomoni. Ndani palikuwa peusi.

"Ni nini?" mzee Nkoitiko aliuliza.

Mara nyingine Semboja angejibu kwa kichwa tu. Siku ile alizitoa skrubu, moja moja, akazipanga kiganjani.

"Mzee, nisamehe. Siku ile mke wangu alinisomea vibaya. Hakusoma shule."

Wote wakanigeukia. Nilisema nilichokuwa nacho. "Nilisoma mia moja ishirini na nane. Na nilisema asubuhi zitapita."

"Mama," alisema mzee Nkoitiko, bila hasira, "kati yenu nyie wawili, aliyesoma ni fundi."

Tulirudi Manundu kwa pikipiki ile ile, mita mapajani mwangu. Kabla mwezi haujaisha alinipa talaka. Aliiandika kwenye karatasi, nami sikuweza kuisoma, ikabidi mdogo wake anisomee. Aliisoma vizuri, bila kukwama. Baadaye Semboja alimwoa Faudhia, binti aliyemaliza kidato cha nne. Watu walisema sasa fundi amepata msaidizi.

Nikarudi Kwamsisi kwa mama yangu, nikawa Hamisa tena. Habari ilinitangulia. Kwenye mashine ya kusaga, injini ilipozimika, mtu alisema, "Hamisa amepita hapa nini?" na foleni nzima ikacheka. Redio ya mtu ikinyamaza, ni Hamisa. Simu ikiisha chaji, mpelekeeni Hamisa akasome. Mwanamke mmoja aliniambia usoni, "Shoga, usitazame tu saa yangu." Nilicheka pamoja nao, kwa kuwa asiyecheka hutaniwa mara mbili. Lakini sikuwa na mali nyingine niliyotoka nayo Manundu. Nilikuwa mtu ambaye mita haimdanganyi, na Semboja alikuwa amelichukua hilo na kulitumia kufunika kosa lake, kama mtu anavyochukua kitambaa cha mwenzake kufutia mikono.

Ukapita mwaka. Mwezi wa saba, Siamanta alikuja kwetu kwa pikipiki, amekaa nyuma ya dereva wake, amefunga shuka mbili kwa baridi. Alimwamkia mama, akanywa chai, akaulizia shamba. Ndipo akasema.

"Tumepata inveta nyingine, sawa na ile. Njoo uifunge."

"Fundi yupo Manundu."

"Najua aliko."

"Kwa nini mimi?"

"Ulisema asubuhi," alijibu, "na ikaungua asubuhi."

Nikamuuliza kama mzee anajua.

"Mzee anajua kuna fundi anakuja. Hajauliza ni nani."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Siamanta hakucheka. "Mama Zaidi, sikia. Madume ya kuuza yamekwisha. Hii ikiungua hakuna nyingine, na maziwa tutarudi kuyamwagia mbwa. Kama huna uhakika sema sasa, nirudi zangu."

Nilikuwa na uhakika na namba. Watu ndio sikuwa na uhakika nao. Nilijua nikifunga na ikaungua, lile neno la Semboja litakuwa kweli mpaka kaburini, hata kama lilianza likiwa uongo. Nikaazima mita kwa mwalimu mmoja wa shule ya kijiji, nikaenda.

Mzee Nkoitiko aliponiona aliitikia shikamoo yangu, akamgeukia mkewe. "Huyu si yule aliyeunguza?"

"Ndiye," Siamanta alisema. "Anajua inavyoungua."

Mzee akanitazama, akatazama paneli zake zilizokuwa zimeegemezwa uani, zina vumbi la mwaka mzima. "Mstari mmoja," alisema.

"Mzee, mstari mmoja ndio ulioua ile ya kwanza."

"Na mimi nilishasema nyumba zangu hazigawanywi na mgeni."

Hapo palikuwa na ukuta. Ningeweza kuzigawa bila kumwambia, mafundi wengi wangefanya hivyo, lakini angeona. Nikakaa nje ya zizi, kwenye kigogo karibu na lango la boma, nikawa natazama ng'ombe wakiingia. Nilikuwa nimepita lango lile mara tatu bila kulitazama. Nyumba mbili zilikuwa mkono wa kulia wa lango, mbili mkono wa kushoto.

Nikamwita Siamanta. "Nani alipanga nyumba hizi?"

"Hazipangwi na mtu. Ndivyo ilivyo. Mke wa kwanza anajenga kulia kwa lango. Wa pili kushoto. Wa tatu anarudi kulia nyuma ya wa kwanza, wa nne kushoto nyuma ya wa pili. Watoto wa kulia ni wa kulia, wa kushoto ni wa kushoto, mpaka wazeeke."

"Mnagombana kwa hilo?"

"Kwa hilo?" Alinitazama kama nimeuliza kwa nini jua linatoka upande ule. "Tunagombana kwa mengine."

Nikarudi kwa mzee. Nikamwambia, "Mzee, mimi sizigawi. Ulishazigawa wewe siku ulipojenga. Paneli ya nyumba ya kwanza na ya tatu ziungane, ni za kulia. Ya pili na ya nne ziungane, ni za kushoto. Kisha kulia na kushoto viingie ndani kwa lango moja, kama ng'ombe wako."

Alitazama lango. Alichora mavumbini kwa ncha ya fimbo, mistari miwili ikikutana, akaifuta kwa kandambili yake.

"Huko siyo kugawa," alisema mwishoni. "Hilo ndilo boma."

Nikaziunga. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali, na vijana wa boma walikuwa wameshasogeza friza karibu. Nikakataa kuunganisha inveta.

"Nini tena?" mzee aliuliza.

"Nangoja baridi."

Walinicheka, na mmoja akasema fundi wa kike anaogopa joto. Nililala nyumbani kwa Siamanta. Saa moja na nusu asubuhi pumzi ilikuwa inaonekana, paneli zina umande, na jua lilikuwa limeinuka juu ya miiba. Nikapima mstari wa kulia: sabini na nne. Wa kushoto: sabini na nne na kidogo. Nusu ya uwezo wa inveta, na chenji yake.

Ningeweza kuishia hapo. Kazi ilikuwa imekwisha na friza ilikuwa inangoja. Lakini niliilegeza ile mistari, nikaziunga paneli zote nne mstari mmoja, kama alivyoziunga Semboja, inveta ikiwa mbali, haijaguswa. Nikashika ncha za nyaya mimi. Mita nikampa mzee Nkoitiko.

"Soma, mzee."

Hakusoma shule yeye pia. Lakini mtu aliyeuza ng'ombe kwa mizani ya mnadani miaka thelathini anazijua namba. Akaisogeza mita, akaisogeza tena karibu.

"Mia moja arobaini na nane."

"Na sanduku linasemaje?"

Akaenda mwenyewe mpaka kwenye inveta, akainama, akaweka kidole chini ya zile namba. Mia moja arobaini na tano.

"Fundi alijua?" aliuliza.

"Aliambiwa."

Nikazirudisha paneli kulia na kushoto, nikaunganisha inveta, ikawasha taa yake ya kijani, friza ikaanza kunguruma. Siamanta aliweka mkono juu ya mfuniko, akauacha hapo mpaka chai ilipoletwa.

Friza ile inafanya kazi mpaka leo. Betri zimebadilishwa, inveta haijabadilishwa. Maziwa yanafika Kabuku yakiwa baridi, na watu wa mabasi wanayajua. Mzee Nkoitiko alisema neno moja mnadani, sijui lilikuwa neno gani, lakini wiki iliyofuata nililetewa paneli mbili za boma lingine, kisha za shule, kisha za msikiti. Kwenye mashine ya kusaga bado kuna wanaosema, "Hamisa amepita hapa nini?" injini ikizimika. Tofauti ni kwamba siku hizi wananiita nije niitazame.

Semboja alikuja Kwamsisi mwaka uliofuata. Alikuwa amekonda. Faudhia, alisema, anasoma vitabu vya inveta vizuri, hata vya Kiingereza, lakini hataki kusimama juani na mita. Na macho ya Semboja mwenyewe yalikuwa yamefika mahali pa kutoona namba kabisa. Alikaa kwenye mkeka wa mama, akamwamkia kwa adabu kama siku ya posa.

"Mama Zaidi, rudi. Tutafunga ndoa upya, kila kitu kihalali. Kibanda ni kile kile."

Nilikuwa nimeshafikiri jibu lake muda mrefu, kwa hiyo halikunichukua muda.

"Nenda kwa mzee Nkoitiko. Mwambie, mbele ya wale waliokuwepo, kwamba sikusoma vibaya. Ukishasema, njoo tuzungumze."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Alionekana kama mtu aliyepunguziwa bei. Aliondoka asubuhi ile ile kuelekea mbugani, na kwa saa chache, sifichi, nilikaa nikisikiliza pikipiki za njiani.

Yaliyofuata alinisimulia Siamanta. Walimpokea vizuri, kama wanavyompokea mgeni. Walimpa kikombe cha maziwa kutoka kwenye friza. Alikunywa, akasifu ubaridi wake, akaongezwa. Aliziangalia paneli, mbili upande huu, mbili upande ule, akafuatisha nyaya kwa kidole kutoka kulia na kutoka kushoto mpaka zinapokutana, akaitikia kwa kichwa. Mzee Nkoitiko aliwaita wake zake wote wanne na wale wazee, wakaja wakakaa. Alijua kilichomleta, nafikiri, au alitumaini.

"Fundi," mzee alimwambia, "una neno?"

Semboja akaulizia mvua. Akaulizia bei ya ng'ombe Handeni. Mzee akamjibu, kisha akamuuliza mara ya pili kama ana neno, na Semboja akatikisa kichwa kukataa. Aliwasha pikipiki yake kabla ya saa sita, akapita njia ya Kabuku, isiyopita kwetu.

Siamanta anasema muda wote ule alikuwa anamtazama mdomo. Mdomoni hamkuwa na skrubu hata moja.